Kutoka dohani hadi sahani: safari ya zebaki ya makaa ya mawe

Ukitaja zebaki, wengi tunakumbuka kipimajoto kilichopasuka na zile shanga za rangi ya fedha zinavyokimbizana sakafuni. Aliyekulia Geita, Chunya au Migori anakumbuka kingine: mtu anachoma zebaki juu ya moto ili abaki na dhahabu yake. Wachache sana watakutajia umeme. Lakini kwa hesabu za Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), mwaka 2015 binadamu tulirusha hewani tani zipatazo 2,220 za zebaki. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ulichangia karibu asilimia 38. Wa pili kwenye orodha ni uchomaji wa makaa ya mawe, asilimia 21, na sehemu kubwa ya makaa hayo ilichomwa kuzalisha umeme.

Hii zebaki ya pili haina sura. Mchimbaji unamwona, moshi wake unauona, hata kikohozi chake unakisikia. Zebaki ya makaa ya mawe inapanda dohani, inazunguka dunia, inashuka baharini, inapita kwa bakteria, inapanda kutoka samaki mdogo hadi samaki mkubwa, ndipo inakufikia. Njia ni ndefu kiasi kwamba watu wakikaa mezani kupiga hesabu ya faida na hasara za mtambo, yenyewe inapotea njiani. Hebu tuifuate hatua kwa hatua, halafu tuone inapotelea wapi hasa.

Dumu moja kwa mwaka

Makaa ya mawe ni mimea iliyozikwa mamilioni ya miaka iliyopita ikabanwa na kupashwa joto ardhini. Humo ndani kuna kaboni, ndiyo, lakini pia kuna salfa, aseniki, risasi na zebaki kidogo. Kidogo kweli: tani moja ya makaa ina wastani wa gramu 0.1 hivi ya zebaki, tone lisilofikia ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Yapo makaa yenye pungufu ya hapo na yapo yenye mara kadhaa zaidi, kutegemea yalichimbwa wapi.

Sasa piga hesabu. Mtambo wa megawati 1,000 ukifanya kazi bila kupumzika sana unakula karibu tani milioni 3 za makaa kwa mwaka. Zidisha kwa gramu 0.1 unapata kilo 300. Na kwa kuwa zebaki ni nzito kuliko maji mara 13 na nusu, kilo 300 hizo zote zinajaza dumu moja la maji la lita 20, zinabaki lita kama mbili.

Najua unachofikiria. Dumu moja tu? Kwa mwaka mzima, kwa mtambo unaowasha jiji? Hapo ndipo wahandisi wengi wa umeme nao wanapoishia, na kwa namba hiyo pekee wana haki ya kushangaa. Vuta subira, kuna mahali dumu hilo linakwenda kukuzwa.

Kwanza tanuri. Joto la ndani linapita nyuzi 1,300 za selsiasi, na zebaki huchemka kwenye 357 tu. Kwa hiyo zebaki yote iliyomo kwenye makaa inageuka mvuke, hakuna inayobaki kwenye majivu ya chini. Gesi inapopoa kuelekea juu ya dohani, mvuke huo unagawanyika njia tatu. Sehemu inaungana na klorini iliyokuwamo kwenye makaa. Sehemu inang'ang'ania chembe za majivu. Iliyobaki inatoka tupu, zebaki peke yake, kama ilivyo.

Mgawanyo huu ndio unaoamua nani ataipata. Ile iliyoungana na klorini inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo mvua inaishusha ndani ya siku chache, karibu na mtambo. Ile ya kwenye chembe nayo haiendi mbali sana. Lakini zebaki tupu haiyeyuki kirahisi, haina haraka, inaweza kukaa angani miezi kadhaa hadi mwaka. Mwaka ni muda wa kutosha kuizunguka dunia zaidi ya mara moja. Kwa hiyo makaa yaliyochomwa Mpumalanga, Afrika Kusini, au mashariki ya China, yanaweza kuweka zebaki yake kwenye bahari ambayo wachomaji hawajawahi kuiona.

Kwa jumla, UNEP inakadiria kwamba shughuli za binadamu zimeongeza zebaki ya angani kwa asilimia zipatazo 450 juu ya kiwango cha asili. Baharini, utafiti uliotoka mwaka 2014 ukiongozwa na Carl Lamborg ulionyesha kwamba maji ya juu, ule mkanda wa mita 100 za kwanza, yana zebaki karibu mara tatu ya ilivyokuwa kabla ya viwanda. Si makaa peke yake yaliyofanya hivyo, kuna dhahabu na fedha za karne nyingi humo, lakini makaa yana sehemu yake kubwa.

Tope linalonuka yai viza

Zebaki inayodondoka baharini bado si hatari sana kwa mlaji. Ukimeza zebaki ya aina hiyo, sehemu kubwa inapita tumboni na kutoka. Kuna kazi moja imebaki, na anayeifanya ni bakteria.

Umewahi kutembea kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa? Ukichimba na mguu unakutana na tope jeusi linalonuka yai viza. Ile harufu ni kazi ya bakteria wanaoishi bila oksijeni, ambao badala ya kupumua oksijeni wanatumia salfeti ya maji ya bahari. Hao, pamoja na jamaa zao wengine wa matope na wa maji ya kina yenye oksijeni kidogo, wakikutana na zebaki wanaibandika kikundi kidogo cha kaboni na haidrojeni kinachoitwa methili. Matokeo ni zebaki ya methili. Mwaka 2013 watafiti wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, na wenzao waligundua jeni mbili, hgcA na hgcB, zinazowapa bakteria uwezo huo. Kabla ya hapo tulijua kwamba wanafanya, hatukujua wanafanyaje.

Hiyo methili moja inabadilisha kila kitu. Zebaki ya methili inafyonzwa na utumbo kwa takriban asilimia 95. Inashikamana na protini za nyama na haiachii kirahisi. Planktoni anaichukua majini, dagaa anakula planktoni wengi, samaki wa kati anakula dagaa wengi, papa anakula samaki wa kati kwa miaka ishirini. Kila mlaji anachoma chakula chake kupata nguvu, lakini zebaki inabaki. Ukifika juu ya mnyororo, nyama ya samaki inaweza kuwa na zebaki ya methili mara milioni moja na zaidi kuliko maji anayoogelea. Ndiyo lile dumu letu sasa. Halikuongezeka hata tone, limekusanywa tu na kuletwa mezani.

Tuweke namba, maana bila namba hii inabaki hadithi ya kutisha watu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) imepima samaki wa sokoni kwa miaka mingi. Sardini, jamii ya dagaa wa baharini, wana wastani wa mikrogramu 0.013 za zebaki kwa kila gramu ya nyama. Papa wana 0.979. Hiyo ni tofauti ya mara 75. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO imeweka kikomo cha mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki, kikomo kilichopangwa kumlinda mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito wa kilo 60 ana nafasi ya mikrogramu 96 kwa wiki.

Kipande kimoja cha papa cha gramu 150 kinampa mikrogramu 147. Amepita kikomo cha wiki nzima kwa mlo mmoja. Gramu 150 za dagaa zinampa mikrogramu 2 hivi, yaani angeweza kula sahani za dagaa arobaini na kitu kabla ya kufika hapo. Na papa mkavu, yule wa kuchemshwa na nazi? Anapokaushwa maji yanaondoka, zebaki haiondoki, kwa hiyo kila gramu inakuwa nzito zaidi. Kumloweka, kumchemsha, kumwagia ndimu, hakusaidii. Zebaki haipo kwenye mafuta wala kwenye damu ya kuoshwa, ipo ndani ya protini yenyewe.

Namba hizo ni za soko la Marekani, si za Feri wala Malindi, lakini sheria ya nani anakula nani ni ileile katika bahari zote. Kubwa, mwindaji, mzee: hizo ndizo sifa tatu za samaki wa kumpima kwa jicho kali.

Mlango wa ubongo

Mwili wetu umeweka walinzi sehemu mbili muhimu: kwenye mishipa ya damu inayoingia ubongoni, na kwenye kondo la nyuma linalomlisha mtoto tumboni. Sumu nyingi zinagonga pale zinarudishwa. Zebaki ya methili inapita. Inajishikiza kwenye asidi amino iitwayo sisteini, na ikishakaa hivyo inafanana sana na methionini, chakula halali cha seli. Mlinzi anaona mgeni amevaa sare, anafungua geti.

Kwa mtoto hali ni mbaya zaidi. Vipimo vya damu ya kitovu vinaonyesha zebaki ya methili kwa wastani mara 1.7 hivi ya ile ya damu ya mama. Yaani mimba haigawani sawa, inamlimbikizia mdogo. Na ubongo wake wakati huo uko kazini: seli zinazaliwa, zinasafiri kwenda mahali pake, zinashikana mikono. Zebaki ya methili inavuruga mifupa midogo ya ndani ya seli inayotumika kugawanyika na kusafiri. Seli isiyofika mahali pake kwa wakati haipewi nafasi ya pili.

Hili tulijifunza kwa gharama ya watu. Tarehe 1 Mei 1956, hospitali ya kiwanda cha Chisso huko Minamata, Japani, iliyokuwa chini ya daktari Hosokawa Hajime, iliripoti ugonjwa wa ajabu wa ubongo kwa watoto. Paka wa kijiji walikuwa wameshaanza kupepesuka, kutetemeka na kutumbukia baharini. Kiwanda kilikuwa kinatumia zebaki katika kutengeneza asetaldehaidi na kumwaga maji machafu kwenye ghuba. Serikali ilikubali rasmi chanzo hicho mwaka 1968, miaka 12 baadaye. Kiwango cha zebaki pale kilikuwa mbali sana na kile cha mtambo wa umeme, tusichanganye. Lakini Minamata ilitufundisha jambo moja linalohusu viwango vyote: akina mama waliokuwa na dalili ndogo au wasiokuwa na dalili kabisa walijifungua watoto walioathirika vibaya. Wajapani wana desturi ya kuhifadhi kipande kikavu cha kitovu cha mtoto. Kwetu kitovu huzikwa, kwao hukaa kwenye kisanduku. Daktari Harada Masazumi alivikusanya vitovu hivyo miaka mingi baadaye, vikapimwa, na zebaki ya methili ilikuwa bado imo.

Iraki, majira ya baridi ya 1971 na 1972, ilikuwa ni ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya ukungu yenye zebaki ya methili, watu wakaisaga wakaoka mkate. Hospitali zililaza watu 6,530 na 459 wakafa humo. Dalili zilichelewa kuanza, wengi wakala wiki baada ya wiki wakijiona wazima. Kipindi hicho cha kimya ndicho kinachofanya sumu hii iwe ngumu kushtakiwa.

Visiwa viwili, majibu mawili

Swali la makaa ya mawe lakini si la dozi za Minamata. Ni la dozi ndogo za kila siku: mama anakula samaki wa kawaida, hana dalili, mtoto anazaliwa mzima, analia, ananyonya. Je, kuna kitu kimepungua? Kujibu hilo unahitaji watoto wengi, miaka mingi na subira. Tafiti mbili kubwa zilifanyika visiwani, na moja iko jirani zetu kabisa.

Visiwa vya Faroe, Atlantiki ya kaskazini, timu ya Philippe Grandjean na Pál Weihe ilisajili watoto 1,022 waliozaliwa mwaka 1986 na 1987. Wafaroe hula nyama ya nyangumi, na zebaki yao inatoka humo. Watoto walipofika miaka 7 walipimwa lugha, umakini na kumbukumbu. Waliokuwa na zebaki nyingi zaidi kwenye damu ya kitovu walifanya vibaya kidogo. Kidogo, narudia. Hakuna mzazi angeona nyumbani.

Visiwa vya Shelisheli, Bahari ya Hindi, walisajiliwa mama na watoto 779 mwaka 1989 na 1990. Akina mama wale walikula samaki wastani wa milo 12 kwa wiki, na nywele zao zilikuwa na zebaki karibu mikrogramu 7 kwa gramu, nyingi kuliko za Wafaroe. (Nywele ni daftari zuri: zinaota karibu sentimita moja kwa mwezi na zinabeba zebaki ya mwezi huo, kwa hiyo unaweza kukata uzi mrefu na kusoma mimba mwezi kwa mwezi.) Watoto walipimwa mara nyingi kadiri walivyokua, na madhara ya wazi hayakuonekana.

Mjadala ukawa mkali. Watetezi wa makaa walipenda Shelisheli, wapinzani walipenda Faroe. Kwa maoni yangu wote walikuwa wanasoma nusu. Nyangumi wa Faroe ana zebaki nyingi kwa mkupuo na uchafu mwingine wa viwandani ndani ya mafuta yake. Samaki wa Shelisheli anakuja na mafuta ya omega-3, seleniamu na protini, vitu vinavyojenga ubongo uleule ambao zebaki inaubomoa. Kundi la pili la Shelisheli, lililoanza mwaka 2001, lilipima pia lishe ya mama, na hapo picha ikaanza kuwa na akili: faida ya samaki na hasara ya zebaki zinavutana kamba ndani ya sahani moja. Ukiona matokeo ni sifuri, usidhani hakuna anayevuta.

Maana yake ni nini? Kwamba zebaki ya makaa inachofanya, kwa watu wa pwani, ni kuwaibia sehemu ya faida ya chakula chao bora. Na ndiyo maana ushauri wa "basi acheni samaki" ni ushauri mbaya. Mama anayeacha dagaa na changu akahamia ugali na maharage tupu kwa hofu ya zebaki amempunguzia mtoto wake zaidi ya alichookoa.

Hesabu ya Washington

Sasa tufike pale inapopotelea. Mwezi Desemba 2011 mamlaka ya mazingira ya Marekani (EPA) ilipitisha kanuni ya kuilazimisha mitambo ya makaa kudhibiti zebaki na sumu nyingine. Sheria inataka gharama na faida. Gharama: dola bilioni 9.6 kwa mwaka. Faida ya kupunguza zebaki iliyowekwa kwenye hesabu: dola milioni 4 hadi 6. Milioni, si bilioni. Ukisoma namba hizo mbili bila maelezo utasema hawa wamerukwa na akili.

Angalia walichohesabu. Walichukua watoto ambao wangezaliwa kwenye familia za watu wanaovua kwa burudani kwenye maziwa na mito ya Marekani, wakakadiria sehemu ndogo mno ya pointi ya IQ ambayo kila mtoto angeokoa, wakaigeuza kuwa mshahara wa baadaye. Basi. Samaki wa baharini, ambao ndio chanzo kikuu cha zebaki kwa Wamarekani, hawamo. Moyo na mishipa havimo. Watu wa nchi nyingine hawamo kabisa. Si kwamba waliofanya hesabu walikuwa wajinga, walihesabu kile walichokuwa na uhakika wa kukifuatilia kutoka dohani hadi mtoto, na njia ilikuwa ndefu mno. Faida kubwa iliyobeba kanuni, dola bilioni 37 hadi 90, ilitokana na kitu kingine: mitambo inayonasa zebaki inanasa pia chembe laini za moshi, na hizo zinaua watu kwa njia fupi inayohesabika.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema EPA ilipaswa kuzingatia gharama tangu mwanzo, na namba ya milioni 4 hadi 6 ilitajwa humo. Kichekesho ni kwamba kufikia hapo mitambo mingi ilikuwa imeshafunga vifaa. Zebaki kutoka mitambo ya umeme ya Marekani ilishuka karibu asilimia 90 ndani ya mwongo mmoja hivi, sehemu kwa vifaa na sehemu kwa sababu mitambo ya zamani ilifungwa.

Vifaa vyenyewe si vya ajabu. Vichujio vya mifuko, mfano wa mifuko ya kuchujia inayoning'inia mamia kwa mamia, vinanasa ya kwenye chembe. Mnara wa maji na chokaa unaonasa salfa unanasa pia ile iliyoungana na klorini. Kwa ile tupu isiyoshikika, wanapuliza unga wa kaboni amilifu, mara nyingi uliotiwa bromini, inajishikiza hapo na kunaswa na mifuko. Wakifanya vizuri wananasa asilimia 90. Ila kumbuka iliyonaswa haijafa, imo kwenye majivu na kwenye maji machafu ya mnara, na hayo nayo yanahitaji pa kwenda.

Kwetu je?

Afrika Mashariki zebaki yetu kubwa ni ya dhahabu, hilo halina ubishi, na mvuke wanaouvuta wachimbaji unastahili makala yake. Makaa ya mawe bado ni madogo. Lakini yapo: Tanzania inachimba Ngaka mkoani Ruvuma, viwanda vya saruji vinayachoma, na saruji peke yake duniani inatoa karibu asilimia 10 ya zebaki ya binadamu, kwa kuwa hata chokaa yenyewe ina zebaki yake.

Kenya ilikaribia zaidi. Mtambo wa megawati 1,050 ulipangwa kujengwa Kwasasi, Lamu, kwa makaa ambayo mwanzoni yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Kibali cha mazingira kilitolewa mwaka 2016. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Taifa la Mazingira likakifuta baada ya wakazi, wakiwamo wavuvi, kukipinga. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na tathmini ya mazingira ilikuwa na mapengo. Rudi kwenye hesabu yetu: ukubwa ule, makaa yenye zebaki ya wastani, ni dumu moja na zaidi kwa mwaka kabla ya vichujio, na pembeni yake ni mikoko mikubwa kuliko yote ya Kenya, yaani tope jeusi lisilo na oksijeni kwa maelfu ya hekta. Ukiambiwa utafute mahali pa kuwapelekea bakteria wetu malighafi mlangoni, huwezi kupata pazuri zaidi.

Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Kumamoto Oktoba 2013 na kuanza kufanya kazi Agosti 2017, unataka mtambo mpya wa makaa utumie mbinu bora zilizopo za kunasa zebaki. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kwa hiyo ukikutana na ripoti ya tathmini ya mazingira ya mtambo wowote wa makaa, usiishie kwenye kurasa za ajira na fidia. Tafuta neno zebaki. Makaa yatakayochomwa yana gramu ngapi kwa tani, na nani alipima? Inanaswa vipi ile tupu? Majivu yanakaa wapi masika yakianza? Na la mwisho, ambalo sijawahi kuliona likipewa hata nusu ukurasa: kuna aliyepima nywele za akina mama wa vijiji vya uvuvi kabla tanuri halijawashwa? Maana baada ya kuwashwa hakuna tena namna ya kuipata namba ya kabla, na mvuvi akija kulalamika miaka kumi baadaye ataambiwa alete ushahidi. Kipimo hicho hakihitaji sindano wala friji. Kinahitaji kishungi cha nywele kilichokatwa karibu na ngozi ya kichwa, bahasha ya karatasi, na tarehe iliyoandikwa juu yake.